Nambari ya simu ni mlango wa mtu, isigawiwe ovyo

MTU akihama nyumba, huwaaga majirani na kuwaeleza anakokwenda, ili ajaye kumtafuta asirudi bure. Mtu akipoteza nambari yake ya simu hana jirani wa kumwachia neno. Ampigiaye hupokewa na sauti asiyoijua, au huambiwa kwamba mteja hapatikani, na habari huishia hapo. Wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo mno kuandikiwa makala. Mimi naliona kuwa kubwa, hasa kwa sisi wa Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga na kupanda hadi Kinango, na nitaeleza sababu.

Wanaoikumbuka Ukunda ya miaka ya 1990 watakubaliana nami kwamba wakati ule simu ilikuwa mali ya jengo. Hoteli za Diani zilikuwa nayo, posta ilikuwa nayo, Hospitali ya Msambweni ilikuwa nayo. Mwananchi wa kawaida alikuwa na sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe lilikuwa la shule au la duka la mtu mwingine. Mwaka wa 2000 kampuni za Safaricom na KenCell zilipoanza biashara ya simu za mkononi, nambari ilitoka ukutani ikaingia mfukoni. Waliowahi walipata zinazoanza kwa 0722 na 0733, na hadi leo wenye nambari hizo huzitaja kwa majivuno kidogo, kama mtu atajaye shamba la minazi aliloachiwa na babu yake. KenCell ikageuka Celtel mwaka wa 2004, ikawa Zain mwaka wa 2008, kisha Airtel mwaka wa 2010. Kampuni ilibadilisha jina mara tatu, lakini mteja wake wa 0733 alibaki na nambari ile ile.

Jambo lililoigeuza nambari kuwa kitu kingine kabisa ni M-Pesa, iliyoanza mwezi wa Machi 2007. Tangu hapo nambari imekuwa mkoba. Halafu ikawa kitambulisho, kwa kuwa kuanzia mwaka wa 2010 Serikali iliagiza kila laini isajiliwe kwa jina la mwenyewe. Leo mkopo wa Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 2022, huombwa kwa nambari. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huandikishwa kwa nambari. Atakaye huduma ya Serikali kupitia eCitizen hutumiwa tarakimu za siri kwa nambari. Asiyeweza kupokea tarakimu zile huwa kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yake huku ufunguo uko kwa mwingine.

Sasa na tuwatazame wale ambao nambari huwaponyoka kwa urahisi zaidi. Wa kwanza ni mabinti na akina mama wetu waendao Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mkataba wao kwa kawaida ni wa miaka miwili. Wengine hunyang'anywa simu na waajiri, na wengine hununua laini ya huko na kuisahau ya nyumbani. Wa pili ni wavuvi waendao dago, ambao hufuata samaki na upepo na kukaa miezi kwenye fuo za mbali. Wa tatu ni wafanyakazi wa hoteli za Diani, ambao masika yakiingia na wageni wakipungua hurudishwa makwao, na kuitwa tena kazini kwa simu. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli, wengi walikaa nyumbani wakiingoja simu hiyo tu. Wa nne ni watu wa Lunga Lunga na Vanga, ambao mtandao wao wa Kenya hupokezana na wa Tanzania kila wavukapo kichochoro, na ambao kwa sababu hiyo wana laini mbili, moja ikitumika na nyingine ikilala.

Namjua binti mmoja wa upande wa Msambweni aliyerudi kutoka Ghuba baada ya mkataba wake kwisha. Alipoiweka kadi yake ya zamani katika simu, haikufanya kazi. Alipoipigia nambari yake mwenyewe, alipokewa na mwanamume wa bara, mtu mpole, aliyemweleza kwamba laini hiyo aliinunua dukani kihalali na kwamba yeye pia amechoshwa na watu wanaomwita shangazi. Nambari hiyo ndiyo iliyoandikwa katika shule ya mwanawe, katika benki na katika kitabu cha chama cha akina mama. Binti yule alizunguka ofisi baada ya ofisi akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Kosa lake lilikuwa lipi? Alikwenda kutafuta riziki, basi.

Haki yataka tuwasikilize wenye kampuni pia. Nambari hazitoki mbinguni. Ni rasilimali ya taifa inayogawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, nazo zina kikomo. Zile za 07 zilipoelekea kwisha, mwaka wa 2019 ilibidi zianzishwe zinazoanza kwa 01. Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni huifunga na kuigawa upya, kwani wapo wanaotupa laini kila mwezi na nambari hizo haziwezi kuachwa zikaoza. Hoja hiyo naikubali. Ninachokikataa ni kumtendea aliyesafiri sawasawa na aliyetupa, na kugawa mlango wa mtu bila kwanza kuhakikisha kwamba vitu vyake vimetolewa ndani.

Wala sisi wananchi hatuna mikono safi. Wapo wabadilishao nambari ili kuwakimbia wanaowadai, hasa tangu mikopo ya simu ilipotapakaa. Hao wajue kwamba mkopo siku hizi umefungwa katika nambari ya kitambulisho, na deni halifi kwa kutupa kadi. Anayepotea kwa hakika ni jamaa anayekutafuta usiku kukuarifu msiba. Wapo pia wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine: mke kwa jina la mumewe, kijana kwa jina la mjomba, na wengine kwa jina la muuzaji aliyekuwa na haraka. Siku kadi inapopotea, au ndoa inapovunjika, mwenye kuitumia hugundua kwamba kisheria hakuwa na kitu.

Kuna waliotumaini kwamba dawa imekwisha kupatikana. Aprili 2011 Kenya iliruhusu mteja ahame kutoka kampuni moja hadi nyingine bila kuacha nambari yake, jambo ambalo Uingereza ililianza mwaka wa 1999, na majirani zetu Tanzania wakalifuata mwaka wa 2017. Lilikuwa wazo jema, lakini waliohama walikuwa wachache. Sababu si ngumu kuiona. Nambari ilihama, lakini huduma ya pesa haikuhama nayo, na mama muuza samaki wa Gazi hawezi kuchukua mlango akauacha mkoba. Uhuru wa kubaki na nambari usiogusa fedha ni nusu ya uhuru.

Kwa hiyo natoa rai. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano iweke utaratibu wa msafiri kuilinda laini yake. Afisa wa ajira anayempeleka binti Ghuba hujua siku ya kuondoka na urefu wa mkataba. Kuna ugumu gani nambari hiyo ikahifadhiwa hadi atakaporudi, hata kama ni kwa ada ndogo? Pili, nambari isigawiwe mtu mpya kabla ya kukatwa na akaunti ya pesa, benki, bima na huduma zote za Serikali za mwenyewe wa zamani. Hilo litamkinga na yule mpya pia, asipokee siri na lawama zisizo zake. Tatu, ahamaye kampuni awezeshwe kuhama na mkoba wake.

Serikali ya Kaunti nayo ina sehemu yake. Fomu za basari na za hospitali ziwe na nafasi ya nambari ya pili, ya mzazi au ya jamaa, na ofisi za wadi zipokee mabadiliko bila kumlazimisha mzee wa Samburu kusafiri hadi makao makuu kwa ajili ya tarakimu kumi. Nasi wenyewe tuhakikishe kwamba kila mmoja laini yake iko kwa jina lake, na kwamba aendaye safari ndefu anamwachia nduguye kadi, na neno la kuitumia mara kwa mara ili isilale.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama hizi nambari ya simu ndiyo daftari la mnyonge: humo mna akiba yake, jina lake, tiba yake na sauti ya mwanawe aliye mbali. Wenye mamlaka waitunze kama watunzavyo hati ya shamba. Na msafiri wa Kwale arudipo nyumbani, amkute mwenyeji akiwa bado anajua kumwita.