Jina Ubaoni

Orodha ya wakazi ilipobandikwa mnamo Oktoba 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, mwandishi wa safu hii alisimama mbele ya ukuta mmoja hapa Mnero akilitafuta jina lake. Mara ya kwanza alifurahi bure: lilikuwa la somo wake. Lake alilikuta chini kabisa, limepungukiwa herufi.

Jambo hili si la kuchekesha. Mtu wa kwetu ana majina mengi, na yote ni yake kwa haki: la kuzaliwa, la jandoni, la chuoni au la ubatizo, na lile ambalo mwalimu aliliandika kama alivyolisikia. Chuoni tulifunzwa kuliandika Khamis kwa herufi za Kiarabu, na halikubadilika. Shuleni likawa Hamisi, zahanati Hamis. Anayelitafuta kwenye H pekee huondoka akiamini amesahauliwa, kumbe yumo kwenye K.

Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwanza. Pale ambapo jina la orodhani lilipishana na la akaunti ya benki, malipo yalikwama, na sare za shule za Januari hazikungoja. Wapo waliosema mkulima ni mzembe. Hatukubaliani nao hata kidogo: mkulima hakujiandika mwenyewe.

Kwa ndugu zetu wa Songosongo na Kilwa Kisiwani, kosa hilo hilo lina nauli juu yake. Kama marekebisho yanafanyika bara, mwenye jina hana budi kuvuka maji, na kusi likivuma mashua haiondoki. Siku za kukagua orodha ni chache, upepo hauzijui.

Tunawaomba ndugu watendaji waandike jina kutoka kwenye kitambulisho, wala si kwa kusikia, na wamsomee mwenyewe kabla hajaondoka. Orodha ibandikwe nje, isifungiwe ofisini, na isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Visiwani, karani aende na daftari lake, awakute watu kwao.

Nanyi wananchi, mkifika ubaoni litafuteni jina kwa kila namna linavyoandikwa, na mtazame la baba na la babu pia. Likikosewa, semeni siku ile ile, karani angali yupo.