Kipimo cha Protini Katika Damu

Askari arudipo likizo nyumbani Kuluba na kumkuta mtoto wake mashavu yamejaa na miguu imenona, huenda akafurahi. Kabla ya kufurahi, na abonyeze juu ya miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu. Mashimo yakibaki, hayo ni maji, si unene. Mtoto apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Huko daktari aweza kuagiza damu ipimwe protini. Protini za damu ni za namna mbili kubwa. Albumini hutengenezwa na ini, na kazi yake mojawapo ni kuyazuia maji yasitoroke mishipani. Globulini, baadhi yake, hupigana na maradhi. Kwa mtu mzima jumla yake huwa gramu 60 hadi 80 hivi katika lita moja ya majimaji ya damu, na albumini peke yake 35 hadi 50.

Hesabu ikiwa ndogo, haisemi sababu. Pengine chakula ni hafifu. Pengine ini ni gonjwa. Pengine figo zinaimwaga protini katika mkojo. Maambukizo makali nayo huishusha. Ndiyo maana daktari hupima mkojo pia, na kuuliza mgonjwa amekula nini. Hesabu kubwa nayo si dalili ya kula vizuri: aliyekaukiwa maji kwa kuhara huweza kuipata.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, ugonjwa wa unyafuzi ulichunguzwa sana. Mwaka 1954 madaktari Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu yake. Hapo hapo, katika miaka ya 1960, kilianzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambako mama hufundishwa kumlisha mtoto kwa vyakula vya kawaida vya nyumbani.

Wazazi wengi hukosea hapa. Mtoto aliyekwisha kuvimba asishindiliwe nyama na mayai nyumbani, kwani mwili wake dhaifu hauwezi kuubeba mzigo huo. Hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kisha huongezewa polepole.

Kwa mtoto mzima, kinga imo jikoni. Uji wa muhogo mtupu hushibisha tumbo bila kuujenga mwili. Na utiwe karanga au simsim zilizosagwa; na ugali uandamane na maharage, kunde au samaki.