Kichwa cha Lusinga hakina mwenyewe ku Bruxelles



Kuna vyama ambavyo wakubwa wao hatujawahi kuwachagua, na mikutano yao haipitake ku redio yetu. Wanakutana Ulaya, wanapima mifupa, wanaandika gazeti lao. Société d'anthropologie de Bruxelles, iliyoanzishwa 1882, ni moja yao, na iko mpaka leo kwa jina la Société royale belge d'anthropologie et de préhistoire. Mutu atauliza: hayo yanatuhusu nini, sisi wenye kulala na masasi?

Yanatuhusu. Tarehe 4 Desemba 1884, watu wa bunduki wa luteni Emile Storms walivamia kijiji cha Lusinga lwa Ng'ombe, chefu wa Watabwa, mu milima ya pembeni ya ziwa Tanganyika, ku upande wa Moba ya leo. Storms alikuwa mukubwa wa kituo cha Mpala, akitumika kwa ile Association internationale africaine ya Léopold II. Lusinga aliuawa, kichwa kikakatwa na kuletewa Storms. Kijiji kikachomwa. Storms hakukizika, alikibeba mpaka Ubelgiji, pamoja na vichwa vya machefu wengine wawili, Maribu na Mpampa.

Tunajua Lusinga hakuwa malaika, alikuwa anakamata watu na kuwauzisha. Lakini tangu lini kosa la mutu linampa mwingine haki ya kuweka kichwa chake mu kabati?

Na hapa njo chama kinaingia. Dokta Emile Houzé, mmoja wa waanzilishi wake, alichukua vile vichwa, akavipima, na 1886 akaandika mu gazeti la chama juu ya makabila ya Tanganyika. Vichwa vitatu, inchi nzima ikahukumiwa! Huyu Houzé alikuwa amepima pia vichwa vya Waflamand na Wawallon, ndugu zake wenyewe, ili aonyeshe wanatofautiana. Lakini ku Flandre hakuna kijiji kilichochomwa juu ya kutafuta kichwa cha kupima. Wakubwa wa sayansi walikubali zawadi ya vita, wakaipa jina la elimu.

Kisha mjane wa Storms akavitoa kwa makumbusho ya Tervuren, na 1964 vikapelekwa ku Institut royal des sciences naturelles, Bruxelles. Wengi wetu tulipata habari 2018, sababu mwandishi wa habari alichimbua. Si sababu wenye kabati walituita.

Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba kwa familia yake, na hotuba nyingi. Wiki mbili nyuma, tarehe 3 Julai, ikaweka sheria ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Masanamu ndani, mifupa ya watu nje. Kinyago cha mutu kina njia ya kurudi, mutu mwenyewe hana.

Viongozi wa leo wa anthropolojia ya Ubelgiji hawakushika kisu, hatuwasingizii. Lakini wamekalia kiti kilichotengenezwa na wale. Wasituambie mambo ya sheria ni ya wabunge paka. Waseme mbele ya watu wote kwamba hii mifupa si yao, kwamba hakuna kuipima tena bila ruhusa ya familia, na ku meza ya kuamua wakae machefu wa Moba na watafiti wa Lubumbashi. Wakae kama wenye kuamua, si kama wageni wa kupigwa picha.

Na Kinshasa isijifiche nyuma ya Wazungu. Ile sheria inataka mikataba kati ya serikali mbili. Basi serikali yetu idai mifupa iingie ndani. Waziri wa utamaduni atuonyeshe barua aliyoandika juu ya Lusinga, Maribu na Mpampa, tarehe yake, na jibu lake. Watu wa Mpala nao wapewe kopi.