Gitaa la Mwanangu

Mwezi uliopita mwanangu alitaka kuliuza gitaa lake la umeme. "Baba, hili bovu! Nikityuni uzi mmoja, nyingine zote zinalegea." Na Jumamosi ile alitakiwa apige kwenye harusi ya dada yake, hapa Leicester.

Gitaa nililopiga ujanani daraja lake lilikuwa halisogei, kwa hiyo hata mimi nilikwama. Tukafungua kifuniko cha nyuma. Kumbe ndani mna springi zinazovuta daraja upande mmoja, nyuzi zikivuta upande wa pili. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainuka kidogo, nyingine zinalegea. Si ubovu, ndivyo lilivyoundwa.

Dawa yake ni subira. Tyuni nyuzi zote sita, kisha rudia tangu mwanzo, mara tatu au nne, mpaka zitulie. Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja mmoja, usizitoe zote kwa pamoja.

Tulimaliza usiku wa manane. Tangu nianze zamu za usiku, hatukuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo. Harusini alipiga vizuri, na gitaa haliuzwi tena.