Mbegu ya Kausha Damu
Safu ya Mzee wa Kirumba

Mzee wa Kirumba hakwenda kwenye mkutano wa injili Jumatano iliyopita kwa kuguswa na roho. Alikwenda kwa sababu Shangazi wa Kitangiri alimwamuru, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba amri ya Shangazi haina rufaa. Ndiye yule aliyempigia simu mhariri kulalamika kwamba mtoto wa kaka yake anatumia mabano kupita kiasi. (Tangu siku hiyo Mzee anajitahidi.)

Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya mawe. Mwanza haina uwanja usio na jabali pembeni, na watoto walikuwa wamelikalia jabali lote, miguu inaning'inia. Genereta lilinguruma, kwaya ikajaribu kulishinda, likashinda genereta. Juu ya jukwaa lilitundikwa bango refu lililoahidi utajiri usiokwisha ndani ya Kristo. Chini yake, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la Kristo mwenyewe, iliandikwa Lipa Namba.

Hapo ndipo Mzee alipoanza kununa, na ibada ilikuwa bado haijaanza.

Mhubiri, mgeni aliyeletwa kwa ndege, alisoma mstari mmoja wa Waraka kwa Wafilipi, ule wa sura ya nne unaozungumzia Mungu kuwatimizia watu wake mahitaji yao. Akafunga Biblia, na hakuifungua tena. Kilichofuata kilikuwa upangaji wa foleni. Wenye laki moja wasimame kulia, hao atawawekea mikono yeye mwenyewe. Wenye elfu hamsini katikati, watahudumiwa na wasaidizi wake. Wenye elfu kumi kushoto, wataombewa kwa jumla. Waliobaki wapokee kwa imani hukohuko waliko. Mzee alikuwa na elfu mbili ya bajaji ya kurudia nyumbani. Akapokea kwa imani.

Mbele ya Shangazi aliketi mama mmoja muuza dagaa wa soko la samaki la Mwaloni. Alifungua fundo la khanga, akatoa noti za elfu kumi zilizokunjwa pamoja na kikaratasi chenye mhuri. Kila mkazi wa Kirumba anakijua kikaratasi hicho. Ni cha kausha damu, ile mikopo inayotolewa asubuhi bila maswali mengi na kudaiwa kila wiki kwa kelele mlangoni. Na wiki hii ni ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi imelala mchangani na vichanja vya kuanikia viko vitupu. Mama alikuwa amekopa ili giza likirudi awe na cha kununulia dagaa wabichi.

"Mdogo wangu, hizo hela ni zako?" Shangazi akamuuliza.

"Ni zangu, dada."

"Zako au za Ijumaa?"

Mama akacheka kidogo, maana Ijumaa ni siku ya rejesho na hilo halihitaji kufafanuliwa. Kisha akajifunga khanga upya, akasema, "Dada, nimechoka kunuka dagaa." Akainuka, akaenda kulia.

Majina ya waliosimama kulia yalisomwa kwenye kipaza sauti, moja baada ya jingine, na kila jina likapigiwa makofi. La mama wa dagaa lilisomwa vibaya. Hakuna aliyelisahihisha, noti zilikuwa zimeshaingia kwenye ndoo. Baadaye zikaja chupa za maji yaliyoombewa, na bei yake haikutofautiana sana na ya kreti ya soda.

Safu hii haitazunguka. Kile kilikuwa wizi, na kwamba kilifanyika kwa jina la Kristo hakukipunguzii kitu. Mtu aliyepanda jukwaani kuwaeleza watu utajiri wa kumjua Kristo aliondoka bila kumweleza mtu yeyote Kristo ni nani. Alimgeuza dalali wa pale Mwaloni: mpe chako asubuhi, akuletee cha mwenzio jioni, na asipokuletea basi kosa ni la imani yako.

Angegeuza ukurasa mmoja tu nyuma. Waraka ule ule, sura ya tatu, Paulo anaorodhesha mali zake zote za heshima: ukoo wa Benyamini, usomi wa Kifarisayo, rekodi safi ya sheria. Kisha anazifuta zote kwa neno moja ambalo Biblia ya Kiswahili imelitafsiri bila aibu na ambalo mhariri wa gazeti hili angelikata. Anazifuta kwa sababu amemjua Kristo, na kumjua huko kunamtosha. Aliandika akiwa kifungoni. Hata ule mstari wa sura ya nne ni sehemu ya barua ya shukrani kwa msaada ambao Wafilipi walimtumia mfungwa kwa mkono wa Epafrodito, na kabla ya kuufikia Paulo amekwisha kusema kwamba amejifunza kuishi na shibe na kuishi na njaa. Huyo ndiye aliyenyofolewa mstari mmoja wa kuhalalishia foleni ya laki moja.

Ufuko huu wa Ziwa Victoria haukuipokea habari ya Kristo kwa namna hiyo, na watu wa Mwanza ndio waliopaswa kuwa wa kwanza kukataa. Mwaka 1875 barua ya mpelelezi Henry Stanley iliyoomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda ilichapishwa London. Mtu mmoja akaandikia chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, akiahidi pauni 5,000 za kuanzishia kazi hiyo. Zilikuwa fedha nyingi mno wakati ule. Hakutia jina lake. Alijiita mtumwa asiyefaa, kama wale wa Injili ya Luka. Wa pauni 5,000 alijificha, na wa laki moja anasomewa jina kwenye spika. Asomaye na apime.

Waliotumwa kwa fedha hizo walifika Kageyi, ufuko wa kusini wa ziwa, mapema mwaka 1877. Daktari John Smith aliugua akafa Mei mwaka huohuo. Desemba, Luteni Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro juu ya mashua. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskochi aliyeacha kazi nzuri ya mitambo Berlin, alifanya kazi Buganda kwa miaka, akafukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro kusini mwa ziwa hili. Alimzika Askofu Parker huko mwaka 1888. Februari 1890 malaria ikamchukua na yeye, akiwa na miaka 40, katikati ya kazi ya kutafsiri na kujenga mashua. Mapadri Weupe wa Kikatoliki nao walikimbilia Bukumbi, pale kusini mwa Mwanza, wakaanzisha misheni mwaka 1883 baada ya kuondoka Buganda, na makaburi yao hayakuchelewa. Walikuwa na makosa yao, na historia imeyaandika. Lakini hakuna kati yao aliyemwambia Msukuma kwamba akimjua Kristo atapata ng'ombe zaidi. Wangeulizwa mbona wao hawana hata mmoja.

Kwa nini basi Mwanza inapanga foleni? Mzee analo jibu na halijadili na mtu: ziwa limetudekeza. Sangara aliyepandikizwa humu miaka ya 1950 na 1960 alizaa viwanda vya minofu, na mtu aliyelala kuli akaamka ana injini mbili za mitumbwi. Samaki alipoanza kupungua likaja bondo, kile kifuko cha hewa tulichokuwa tukiwatupia mbwa, likasafirishwa Mashariki ya Mbali kwa bei ya kuliza. Ng'ambo ya pili Geita wakafungua mgodi mkubwa ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2000. Mtu aliyekulia katika mji wa namna hii anaamini utajiri ni kitu cha kushtukiza, kwa hiyo akiambiwa mbinguni nako kuna bondo, anaenda na ndoo. Si kwamba ni mjinga. Ameyaona mengine yakitokea.

Na si Mwanza peke yake. Moshi, Februari mosi 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana ili wapite juu ya mafuta ya upako. Ishirini. Taifa liliomboleza, likasema kamwe isitokee tena, na chupa zikaendelea kuuzwa.

Shangazi hakusema neno njiani, jambo lililomtisha dereva wa bajaji, anayemfahamu. Wasomaji wamezoea kumcheka Shangazi kupitia safu hii, na yeye mwenyewe hucheka kwanza. Basi wapate na upande wa pili. Mumewe alikuwa ndani ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza kutokea Bukoba. Shangazi alibaki na watoto, baiskeli aina ya Phoenix na daftari la marehemu la madeni. Arobaini ilipopita, ndugu walimshauri alichome lile daftari, kwa kuwa deni la marehemu aliyezama nani atalidai? Shangazi alipanda baiskeli akazunguka Kirumba, Kitangiri hadi Igoma, jina kwa jina, akilipa kidogo kidogo kwa hela ya maandazi. Ilimchukua miaka. Mfanyabiashara mmoja alikataa kupokea. Shangazi alimwachia fedha mezani akaondoka. Watu walipomuuliza anatoa wapi nguvu hizo, alisema Yesu alikuwa amemlipia yake, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kulala na ya watu.

Huo ndio utajiri usiokwisha, kwa jinsi Mzee anavyouelewa akiwa kwenye benchi la nyuma la wasinziaji. Haukumwondoa Shangazi kwenye maandazi. Ulimwezesha kulala usingizi akiwa na maandazi, mjane, na bila daftari.

Na hilo la kulipa madeni halikuanza naye. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaingia Uganda na upande wetu wa magharibi ya ziwa, Bukoba na Katoke, ulitambulika kwa dalili moja iliyowashangaza hata wasioamini: waliookoka walirudisha. Walirudisha walichoiba, wakalipa walichokana, wakaenda kwa waliokosana nao kuomba radhi. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa na moto huo. Hapa kwetu Moses Kulola, aliyebatizwa katika kanisa la AIC Makongoro, aliacha ajira ya serikali mwaka 1962 akaenda kuhubiri barabarani, na alipofariki Agosti 2013 Mwanza ilimpokea kumzika. Mtu anaweza kubishana na mahubiri yake. Kwamba aliacha mshahara ili ahubiri, hilo halina ubishi. Siku hizi wapo wanaohubiri ili wapate mshahara wa aina ambayo serikali haijawahi kuilipa.

Watakuja kusema Mzee anapinga sadaka. Hapingi. Hospitali ya Bugando iliyoko kilimani pale, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni sadaka za Wakatoliki wa hapa na wa Ujerumani, na Mzee ameshonwa nyuzi humo (kisa kinahusu ngazi na Shangazi, kitasubiri wiki nyingine). Sadaka hiyo ina mlango, ina vitanda, na Mwislamu wa Mabatini analazwa humo bila kuulizwa alisimama mstari upi. Sadaka ya Jumatano ina ndoo, na ndoo ina safari.

Jukwaani siku ile, nyuma ya mgeni, waliketi wachungaji wa makanisa ya mjini humu. Walipiga makofi majina yaliposomwa. Hao hawana ndege ya kupanda. Watatukuta Mwaloni, sokoni na misibani. Basi Mzee anawaomba jambo jepesi. Kesho Jumapili, kabla ya matangazo ya vikundi, wasome Wafilipi sura ya tatu yote, polepole, na lile neno la aibu wasiliruke. Kisha wamwombe mgeni wao daftari la majina ya laki moja, wapite kwa kila jina waulize ni fedha za nani, na za Ijumaa wazirudishe zote kabla hajaondoka Jumatatu. Usafiri wa kuzungukia upo: Shangazi anasema yuko tayari kuwaazima baiskeli.