Ofa ya Nyali Inalipwa na Nani?



Kila supamaketi kubwa ikifungua milango Nyali mambo huwa ni yale yale. Baluni mlangoni, dijei, foleni ya magari mpaka barabarani, watu wapiga selfi na troli. Mafuta ya kupikia yameshushwa bei, mchele umeshushwa, pampas mbili kwa bei ya moja. Kufika jioni, kila grupu la WhatsApp la familia lina picha ya karatasi ya ofa. Hatumlaumu mtu. Maisha yamepanda na anayeokoa shilingi mia mbili, hizo mia mbili zina kazi nyumbani. Sisi pia twaenda.

Lakini hebu tuulize: zile mia mbili zimetoka wapi? Duka lina kiyoyozi, lina walinzi, lina maegesho, lina kodi ambayo wewe na mimi hatuwezi hata kuikisia. Litawezaje kuuza rahisi kuliko duka la Ziwa la Ng'ombe ambalo mwenyewe ndiye muuzaji, ndiye mfagiaji, na usiku ndiye mlinzi?

Utaambiwa ni kwa sababu wananunua kwa wingi. Ni kweli, ila si jibu lote. Sehemu iliyobaki iko kwenye rekodi za serikali, wala si uvumi wa barazani.

Disemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilipiga faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha maduka ya Carrefour hapa nchini. Waliolalamika walikuwa kampuni mbili zinazopelekea bidhaa dukani: Woodlands, wauza asali, na Pwani Oil. Hawa wa pili mnawajua. Ni wa hapa hapa Pwani, ndio wa Fresh Fri, Salit na sabuni ya Ushindi. Mamlaka ilisema duka limetumia vibaya nguvu yake ya mnunuzi. Maana yake ni hii: mimi nina rafu ambayo maelfu ya watu hupita mbele yake, wewe una bidhaa yako, na kwa sababu huna pa kwenda nitakupangia masharti nitakavyo. Nakata asilimia kwenye hela zako baada ya mauzo. Nikifungua tawi jipya nataka mchango wako. Leta na wafanyakazi wako waje wapange bidhaa kwenye rafu zangu. Na nikitaka kukutoa kwenye rafu, nakutoa.

Kampuni haikukubali, ikasema itakata rufaa, na hiyo ni haki yake. Lakini haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2020 Mamlaka hiyo hiyo ilitoa uamuzi dhidi ya duka hilo hilo kwa malalamiko ya Orchards, kampuni ndogo ya maziwa ya mtindi, na mwaka wa 2021 Baraza la Ushindani likaukubali uamuzi huo.

Kwa hivyo ukiona bei imeshuka, usidhani mwenye duka ameingia mfukoni mwake. Mara nyingine ameingia mfukoni mwa mwengine.

Turudi kwa wale wafanyakazi wanaoletwa, kwa sababu hapo ndipo penye vijana wetu. Kila duka jipya likija tunaambiwa litaleta ajira, na wanasiasa husimama mbele ya kamera wakasema hivyo hivyo. Ingia ndani uangalie vizuri. Yule kijana aliyevaa fulana ya kampuni ya maziwa, anayepanga pakiti, anayekuelekeza sukari iko wapi, mara nyingi si mfanyakazi wa duka. Ameletwa na msambazaji au na wakala. Duka limepata mikono bila kulipa mshahara. Na siku msambazaji akibanwa, aambiwe apunguze bei tena au atolewe kwenye rafu, wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani ni nani? Ni huyo wa fulana. Ametoka Mtopanga na matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, amesimama kutwa, na kwenye zile ajira zilizotangazwa huenda yeye hakuhesabiwa, au amehesabiwa mara mbili. Hatujui, kwa sababu hakuna anayeonyesha orodha.

Ukiwa wewe ni huyo kijana, jua Sheria ya Ajira ya 2007 haikutambui kama kibarua wa milele. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi ya kibarua siku mfululizo zikafika mwezi, mkataba wako unageuka kuwa wa mshahara wa mwezi, na una haki ya kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Weka rekodi ya siku zako, hata kwenye simu. Na dada zetu wanaoambiwa hijabu haiendani na sare ya duka: Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, na neno mavazi limeandikwa humo humo. Usitie saini karatasi ya kuliacha vazi lako kwa sababu tu una haraka ya kazi.

Sasa duka la mtaa. Nyali watu huizungumza kama mahali pa majumba na bahari tu, lakini eneo bunge la Nyali ndani yake kuna Kongowea, kuna Ziwa la Ng'ombe, kuna Frere Town. Soko la Kongowea, linalolisha karibu Mombasa nzima, haliko mbali na hayo maegesho ya magari makubwa. Mama anayeuza nyanya pale hashindani na supamaketi kwa kila kitu. Nyanya zake ni rahisi na ni za leo. Anachoshindwa ni kwamba mteja akishaingia kule kwa ajili ya ofa ya mafuta, anatoka na nyanya pia.

Na duka la ndani ya mtaa lafanya kazi ambayo supamaketi haitaifanya hata siku moja. Laandika deni. Lakupimia mafuta ya shilingi ishirini, sukari ya kumi, majani ya chai ya tano. Ofa ya lita tatu ni ya mwenye pesa ya lita tatu. Mwenye kupata hela ya siku kwa siku hanunui hivyo, kwa hivyo ile bei rahisi ya Nyali wanaoila zaidi ni wale wale wenye gari la kubebea. Mei 2020 serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa ajili ya korona, watu hawatoki wala hawaingii, hakuna aliyevuka daraja kwenda kutafuta ofa. Waliobaki ni wenye maduka ya vichochoroni na madaftari yao. Duka kama hilo likifa hakuna anayepiga picha.

Msije mkatuelewa kwamba shida ni mgeni. Nakumatt ilikuwa yetu, ilianzia Nakuru, ikafikisha matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, Nyali likiwemo. Ilipokufa, wadai wakapiga kura ya kuifunga Januari 2020, ikiwa inadaiwa mabilioni, na wengi wa wadai walikuwa wasambazaji ambao bidhaa zao zilishauzwa na kuliwa. Ikaja Shoprite ya Afrika Kusini, nayo ikafungua Nyali. Haikumaliza miaka mitatu Kenya. Kila mmoja alikata utepe. Kila mmoja alipoondoka, waliobaki na hasara ni wale wale wa fulana na wale walioleta mali kwa mkopo.

Hatusemi duka lisifunguliwe, wala hatusemi msiende. Tunasema lisifunguliwe gizani. Jengo kubwa haliji bila kibali cha kaunti, na vibali huwa na notisi na nafasi ya wananchi kusema. Wenye majumba Nyali hilo walijua zamani. Wana vyama vyao vya wakaazi, wana mawakili, wakiona foleni ya magari au kelele za jenereta wanaandika barua, na husikilizwa. Ni haki yao, tena wamefanya vizuri. Lakini ni lini mliona muuzaji wa Kongowea ameitwa kwenye kikao cha namna hiyo? Ni lini kijana wa Kisauni aliuliza ni wangapi wataajiriwa na duka lenyewe na wangapi kupitia wakala?

Kuna watakaosema mteja mdogo hana nguvu mbele ya kampuni kama hizi. Jordan, Novemba 2024, Majid Al Futtaim huyo huyo alifunga maduka yake yote ya Carrefour na kuyafungua upya kwa jina la HyperMax. Januari 2025 akafanya hivyo Oman. Kampuni haikusema sababu ni kususiwa kwa ajili ya Gaza, lakini watu walikuwa wamelisusia jina hilo zaidi ya mwaka, na hilo kila mtu aliliona. Hapa kwetu jina bado lipo. Ususiaji ni mjadala wake na tutaurudia. Leo twautaja kuonyesha tu kwamba mteja akishikamana na mwenziwe huhesabiwa.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila mwananchi haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Huhitaji wakili. Wiki hii tunaandika kwa kaunti ya Mombasa kuomba masharti ya vibali vya supamaketi kubwa zote za Nyali: walikubaliana nini kuhusu ajira za moja kwa moja, kuhusu kununua samaki, nazi na mboga za wakulima na wavuvi wa Pwani, na kuhusu wauzaji walio jirani. Tutaitia saini kwa majina yetu na nambari za vitambulisho. Unayetaka jina lako liwemo, tuandikie inboksi kabla ya Ijumaa. Na wewe uliyewahi kupeleka bidhaa kwenye rafu hizo ukakatwa pesa usizozielewa, tuletee karatasi zako. Jina lako hatutalitoa bila ruhusa yako.