Bei ya Kesho Huanzia Moyoni

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutangaza mwenendo wa bei katika Visiwa vyetu. Tarakimu inayosomwa ni wastani wa bidhaa na huduma nyingi. Lakini hakuna mwananchi aendaye Darajani au Chake Chake kununua wastani. Mmoja hununua mchele na mafuta ya kupikia, mwingine petroli ya mashine ya ngalawa, wa tatu hulipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana ukiwauliza watu watatu bei zitakuwaje mwakani, utapata majibu matatu, na kila mmoja ataapa kuwa lake ndilo la kweli.

Baadhi ya viongozi wetu huyaita majibu hayo ujinga au uvumi. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo si ya haki.

Tuanze na umri. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanazikumbuka foleni za mchele na sukari, na vitambaa vilivyopatikana kwa magendo tu. Katika sehemu kubwa ya muongo ule bei nchini Tanzania zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kila mwaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kijana aliyezaliwa baada ya hapo hana jeraha hilo, na husikia habari ya bei kwa utulivu zaidi. Wataalamu Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walithibitisha jambo kama hilo nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016: mfumuko wa bei ambao mtu ameuishi humwongoza katika kuukisia ule ujao.

Pili ni kazi ya mtu nyumbani. Mwaka 2021 utafiti mwingine wa huko huko Marekani ulionyesha kwamba wanawake hutarajia bei kupanda kuliko wanaume, na kwamba tofauti hiyo yatokana na nani aendaye kununua chakula. Hili halihitaji profesa kulieleza kwetu. Mama alimaye mwani Paje hana kauli juu ya bei ya mwani wake, wala juu ya mchele unaotoka ng'ambo. Kila siku hupima kibaba kwa macho yake. Akisema maisha yamepanda, huyo ni shahidi.

Mambo haya yana uzito kwa sababu matarajio huzaa matendo. Mnunuzi akihofia Ramadhani, hununua magunia mawili badala ya moja. Mwenye duka akiona hivyo, huficha shehena akingoja bei. Mfanyakazi naye hudai nyongeza ya mshahara mapema. Hofu ya kesho hugeuka kuwa bei ya leo. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania huongoza sera yake ya fedha kwa njia ya riba. Riba hiyo haiwezi kufanya kazi yake ipasavyo ikiwa wananchi hawaamini kwamba bei zitatulia.

Basi yapasa nini kifanyike? Kwanza, watumishi wa Serikali wasitosheke na tarakimu moja. Bei za mchele, unga, sukari, samaki na mafuta zibandikwe kila wiki katika ofisi za masheha, Unguja na Pemba, kwa Kiswahili ambacho bibi kizee atakielewa. Pili, meli ya chakula ikichelewa, watu waambiwe siku ile ile, pamoja na kiasi kilichobaki ghalani. Ukimya wa ofisi ndio shamba la uvumi. Tatu, wanaopanga sera wawasikilize wanawake wa sokoni kama wanavyowasikiliza waagizaji wakubwa.

Na sisi wananchi tuna wajibu wetu. Dini yetu imekemea kuhodhi chakula, na anayejaza stoo yake kwa hofu humpandishia bei jirani asiye na akiba. Chama kilichojengwa na wakwezi na wakulima hakiwezi kunyamaza mbele ya ulanguzi, hata mlanguzi akiwa mwanachama.

Serikali ikisema kweli mapema, hata kweli iliyo chungu, mwananchi atajifunza kuiamini. Imani hiyo haiagizwi ng'ambo, nayo ikipotea, hakuna riba itakayoirudisha upesi.